Seli Ambayo Sikuwa Nimeiona

Kwa miaka kumi na minne nilifundisha mgawanyiko wa seli bila kuwahi kuona seli ikigawanyika. Ninalisema wazi hapa kwa sababu wakati huo sikulisema popote, hata kwa mume wangu. Nilikuwa mwalimu wa biolojia katika shule moja ya kutwa karibu na mji wa Kajiado, na nyumbani kwangu kulikuwa Kitengela, kwa hiyo kila alfajiri nilikuwa njiani. Kila mwaka mada hiyo ilipofika nilichukua chaki nyeupe na nyekundu nikachora duara, ndani yake kiini, ndani ya kiini nyuzi nne. Kisha nikachora nyuzi zikijipanga katikati, zikivutwa huku na huku, seli ikibanwa kiunoni mpaka ikawa mbili. Michoro yangu ilikuwa safi. Walimu wenzangu walikuja kuipiga picha kwa simu zao.

Sikuwa nimeona kwa sababu shule niliyosoma huko magharibi mwa nchi ilikuwa na hadubini moja tu, nayo ilifungiwa kwenye kabati la mwalimu mkuu pamoja na vikombe vya michezo. Chuoni tulipanga foleni watu thelathini nyuma ya hadubini moja, kila mtu dakika yake. Zamu yangu ilipofika niliinama nikaona kope zangu mwenyewe, nyeusi, zinapepesa. Nyuma yangu watu walikuwa wanaguna niharakishe. Nikainuka nikasema, "Nimeona." Nikanakili mchoro wa jirani yangu, ambaye naye, nikikumbuka uso wake, huenda alikuwa ameona kope zake. Tulipata alama nzuri sote wawili.

Sasa nije kwa msichana mmoja wa darasa langu. Alikuwa kidato cha tatu, dawati la pili karibu na dirisha, binti wa familia ya wafugaji kutoka ndani kidogo ya barabara ya Namanga. Alikuwa mrefu, mpole, na alikuwa na tabia ya kuuliza swali wakati wenzake wameshafunga daftari. Januari ile nilikuwa nimewaeleza kwamba kila kiumbe huanza seli moja, moja ikawa mbili, mbili zikawa nne, mpaka mwili mzima. Akainua mkono.

"Madam, hata ndama?"

"Hata ndama."

"Sasa hizo seli zinajuaje ni gani itakuwa kwato na ni gani itakuwa jicho?"

Darasa liliguna. Mimi nililipenda swali hilo. Nilimwambia kwamba seli zote za ndama hubeba maagizo yale yale ndani ya kiini, kwato na jicho sawasawa, ila kila moja husoma sehemu yake na kuacha nyingine. Ni nini hasa huiambia seli isome sehemu gani, nikasema, hilo ni somo refu, na mimi najua mwanzo wake tu. Hapo nilikuwa mkweli. Aliandika, akafikiri, kisha akaelekeza kalamu ubaoni kwenye nyuzi zangu nyekundu.

"Na hii ya kuvutana, Madam, umeona ama umeambiwa?"

Wenzake wakacheka kwa sauti. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku hiyo nilisikia kicheko kile kama kinanihusu mimi. Nikageuka ubaoni, nikageuka tena kwake.

"Nimeona," nikasema. "Kwa macho yangu haya mawili."

Alitikisa kichwa kwa heshima, akainama akaandika kitu.

Nilijua alichoandika wiki tatu baadaye, nilipokusanya madaftari kusahihisha. Pembeni mwa maelezo yangu, kwa penseli, kulikuwa na neno dogo kila baada ya aya chache. Kwenye utando unaoizunguka seli na kuchagua kipi kiingie: ameambiwa. Kwenye kiini na kazi zake: ameambiwa. Kwenye seli nyekundu za damu, ambazo kweli niliwahi kuziona hospitalini nikiwa mjamzito, nami nikawasimulia darasani: ameona. Na kwenye mgawanyiko wa seli, kwa herufi kubwa kidogo kuliko nyingine, na mstari chini yake: AMEONA.

Nilimwita pale nje ya ofisi ya walimu. Nilitaka kumkemea, sijui kwa kosa gani. Nikamuuliza hayo maneno ni ya nini.

"Ni vile sisi hufanya nyumbani, Madam," akasema. "Kama hakuna nyasi, kuna mtu hutumwa mbele aangalie. Akirudi, kabla apewe chai, babu humuuliza, umeona ama umeambiwa? Akisema ameambiwa, si makosa. Wanatuma mwingine aende aone. Lakini akisema ameona, ng'ombe zinahama."

"Na akidanganya?"

Alitazama viatu vyake. "Mjomba wangu alisema ameona. Kumbe ni watu alikutana nao njiani. Tulihama na ng'ombe zote, tukafika, ni mchanga tu. Zingine hazikurudi."

"Mjomba wako alifanywa nini?"

"Hakufanywa kitu. Anakaa tu na sisi. Lakini hatumwi tena, Madam. Ni chumvi tu anatumwa, na dawa ya kupe."

Nilimrudishia daftari nikamwambia aende darasani. Niliketi kwenye ofisi ile na chai yangu ikapoa. Niliona aibu, na sikutaka kuipamba. Mtoto wa watu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa jambo ambalo halikuwa la kweli, na mimi ndiye niliyelisema. Ningeweza kumwita tena palepale nikamwambia. Sikuweza. Badala yake nilijiapiza kwamba kabla muhula haujaisha nitakuwa nimeona, ili neno lake liwe kweli, hata kama limechelewa. Wakati huo nilidhani huo ndio ujasiri.

Mahali pa kuonea nilipajua kutoka vitabuni: ncha ya mzizi wa kitunguu. Mzizi haukui mwili mzima. Unakulia pale mwisho kabisa, nyuma tu ya kofia ngumu inayousaidia kutoboa udongo, na hapo seli hugawanyika mchana na usiku. Ukikata ncha hiyo, ndogo kama punje ya mchele iliyovunjika, umekata kiwanda chenyewe. Kwa hiyo nilinunua vitunguu vinne Kitengela, nikavikalisha juu ya midomo ya chupa zilizojaa maji, nikavipanga kwenye dirisha la jikoni.

Mume wangu alisimama pale na kijiko mkononi. "Umeanza uganga?"

"Ni kazi ya shule."

"Wagonjwa wasije hapa tu. Hatuna viti."

Baada ya siku tano hapakuwa na mzizi. Vitunguu vilianza kunuka, na ute ukatanda juu ya maji. Nikakumbuka kwamba maji yetu ni ya kisima kirefu, ya chumvi, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye sufuria. Nikasema ndiyo hiyo. Nikanunua mtungi wa maji ya kunywa, nikaanza upya na vitunguu sita, hivi nikivitoa soko la Kajiado. Wiki nzima. Viwili vilichipua majani ya kijani juu, lakini chini vilibaki vipara. Nikaanza tena mara ya tatu, na mara hiyo nikavifunika gizani kwa gazeti. Havikuota.

Nilikuwa nikivisemesha vitunguu vile kwa maneno ambayo sitayaandika. Siku moja niliinua kimoja nikakigeuza kitako juu, nikakitazama vizuri badala ya kukitukana. Kitako kilikuwa kimekatwa. Kilikuwa laini, kimesawazishwa kama kifuniko. Nikavigeuza vingine, vyote vilikuwa hivyo. Jumamosi nikaenda sokoni Kajiado nikasimama kando ya meza za mboga. Kina mama walikuwa wanatoa vitunguu kwenye gunia, wanapangusa maganda makavu, na kwa kisu kidogo wanakata zile ndevu za chini pamoja na kipande cha kitako, ili kitunguu kikae mezani kikiwa safi na kisidondoke. Wateja wa mjini tunapenda kitunguu safi. Kile kipande walichokuwa wanatupa chini ndicho mizizi hutokea. Seli nilizokuwa nazitafuta zilikuwa zimelala pale kwenye vumbi, mbuzi wanazila.

Ningeweza kuomba mama mmoja aniachie vichache visivyokatwa. Wazo hilo halikunijia. Nilikuwa nimeshaingiwa na ukaidi, na mtu aliyeingiwa na ukaidi hutafuta njia ndefu. Jumamosi iliyofuata nilisafiri mpaka Entarara, kule Loitokitok, nikashuka kwenye mashamba ya vitunguu vilivyonyweshewa maji ya mfereji. Mama mmoja mzee alikuwa akivuna.

"Takwenya," akanisalimia.

"Iko," nikaitikia. Kimaasai changu karibu kiliishia hapo.

Nilimweleza nataka vitunguu vyenye ndevu, visiguswe na kisu. Aliniangalia viatu, akaniangalia mkoba.

"Umetoka Kitengela kuja kuchukua mizizi?"

"Ndiyo, mama."

"Na kitunguu chenyewe utafanyia nini?"

"Nitakula baadaye."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Alinichagulia kumi na mbili, vikubwa, vyenye ndevu kavu zilizojaa udongo mwekundu, na kwa sababu alinihurumia akaniongezea nyanya. Nyumbani nilikwangua zile ndevu kavu taratibu kwa kucha bila kugusa kitako, nikaviweka juu ya chupa. Asubuhi ya tatu kulikuwa na vichwa vyeupe vidogo vimetokeza duara zima. Nilimwita mume wangu aje aone. Alikuja na kikombe chake, akainama, halafu akasema, "Haya, hongera," bila mzaha.

Upande wa shule kulikuwa na mzee wa maabara. Alizitunza hadubini zetu tano chini ya vitambaa alivyovishona mwenyewe, na kwake hadubini ilikuwa kitu cha mtihani, si cha kuchezewa. Moja tu ndiyo lenzi yake kubwa ilikuwa bado nzima.

"Hii ni ya wakaguzi, Mwalimu," akaniambia.

"Wakaguzi walikuja lini mara ya mwisho, mzee?"

Alifikiri. "Wakija wataikuta."

Nilimwambia ukweli nusu, kwamba nataka kuwaonyesha watoto kitu ambacho hawajawahi kuona. Alinipa, lakini alivuta kiti akakaa kando yangu kuilinda. Mwishowe yeye ndiye aliyekuwa fundi. Hatukuwa na ile rangi ya kitaalamu ya kutia seli, kwa hiyo tulitumia wino mweusi wa kalamu uliochanganywa na siki. Gesi ya maabara ilikuwa imekwisha, kwa hiyo nilibeba maji moto kwenye chupa ya chai, tukayapima kwa kipimajoto mpaka yakashuka hadi nyuzijoto sitini. Ncha za mizizi zilikatwa asubuhi, zikalazwa kwenye spiriti na siki, zikawekwa kwenye asidi ndani ya maji yale moto dakika chache zilainike, zikaoshwa, zikatiwa wino. Kisha unaiweka ncha juu ya kioo, unaifunika kwa kioo chembamba, unaikandamiza kwa kidole gumba ili seli zitandazike safu moja.

Kidole gumba ndicho kilichotusumbua. Nikibonyeza kwa nguvu, kioo kinavunjika. Nikibonyeza polepole, seli zinabaki zimerundikana, giza tupu. Siku ya kwanza tulivunja vioo vinne, na mzee alivikusanya vipande kimyakimya, jambo lililonitia uchungu kuliko kama angegomba. Siku ya pili tuliona seli, lakini zote zimetulia, viini vyake vimejaa na hakuna kinachoendelea. Siku ya tatu mawingu yalifunika jua na kioo cha hadubini hakikupata mwanga. Sikuacha. Kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza nilikuwa pale, na kila asubuhi mzee alikuwa amenitangulia, kitambaa kimeshafunuliwa.

Asubuhi ya saba nilisogeza kioo taratibu kutoka upande mmoja. Kwanza nilipita seli ndefu, zile ambazo zimeshamaliza kugawanyika na kuanza kurefuka, nyingine tayari zimekuwa nyembamba za kupitishia maji. Kisha zikaanza kuwa fupi, fupi zaidi, za mraba, zimebanana, kila moja na ukuta wake na kiini chake cheusi. Nikaelewa kwamba nilikuwa natembea kurudi nyuma, kutoka seli zilizokwisha kuwa kitu fulani mpaka zile ambazo bado hazijaamua. Swali la kwato na jicho lilikuwa pale, limelazwa juu ya kioo. Halafu nikaiona. Kiini hakikuwepo. Mahali pake kulikuwa na mafungu mawili ya nyuzi nyeusi, moja likielekea juu na moja chini, na mikia yao bado imenyooshwa kuelekeana, kama vidole vya watu wawili wanaoachiana mikono.

Haikuwa inasogea. Spiriti na siki huiua seli, kwa hiyo unachokiona ni pale ilipokuwa imefika ilipokatwa. Nilijua hilo, na bado nilishika pumzi. Kando yake kulikuwa na nyingine iliyokwisha kujitenga, na hakuna mahali ilipobanwa kiuno kama nilivyokuwa nikichora. Ukuta mpya mwembamba ulikuwa unajengwa katikati. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa nimetumia mchoro wa seli ya mnyama na kuusema ni wa kila kitu. Nilimwachia mzee nafasi. Alitazama muda mrefu, jicho lake likitiririka machozi kwa sababu ya mwanga.

"Kumbe inatendeka," akasema.

Nilifurahi kupita kiasi. Niliwaza: basi, deni langu limekwisha, AMEONA sasa ni kweli, hakuna mtu aliyehitaji kujua. Kipindi cha tatu nilileta kidato cha tatu wote maabara. Niliwapanga foleni. Niliwaonya wasiguse hadubini. Wa kwanza akainama, akainuka, akasema, "Nimeona, Madam." Wa pili, "Nimeona." Wa tatu alisema, "Wah, nimeona, iko poa." Kumi na mmoja walipita hivyo, na mimi nimesimama pale nimefura kama andazi.

Wa kumi na mbili alikuwa yule msichana. Aliinama akakaa. Akafumba jicho moja, akafumbua, akabadilisha jicho.

"Madam, mimi sioni kitu."

"Tazama vizuri. Katikati."

"Natazama. Ni nyeupe tu."

Nilimsogeza nikainama mimi. Mtu alikuwa ameigusa. Kioo kilikuwa kimehama na hapakuwa na kitunguu, hapakuwa na ukuta, hapakuwa na uzi. Palikuwa na duara la mwanga mtupu. Watoto kumi na mmoja walikuwa wameinama juu ya duara hilo, labda wote, wakasema wameona.

Hasira ilinipanda na nikafungua mdomo kuwakaripia. Nikawatazama pale kando ya meza, wanakwepa macho yangu, na nikaijua ile sura. Hawakuwa wameitoa mbali. Nilifunga mdomo. Mzee wa maabara aliacha kufuta vioo.

"Kaeni chini," nikawaambia. "Hamkuona kitu, na najua kwa nini mmesema mmeona. Januari mliniuliza kama nimeiona seli ikigawanyika. Nilisema ndiyo. Nilikuwa sijaiona. Nimeiona leo, saa moja na nusu asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Na mchoro niliowapa ni wa seli ya mnyama, ya kitunguu si hivyo. Mtaufuta."

Mmoja nyuma alianza kucheka, akaacha mwenyewe. Sikuthubutu kumtazama msichana yule. Niliinama nikaitafuta upya ile seli, na ilinichukua muda mrefu mbele yao wote. Nilipoipata nilisogea kando, nikamwonyesha kwa mkono.

Alikaa pale labda dakika tatu, na hakuna aliyemharakisha. Alipoinuka hakusema, "Nimeona." Aliniuliza vile tulivyoipata. Nilimweleza yote: dirisha la jikoni, maji ya chumvi, vitunguu vya soko vilivyokataa kuota wiki baada ya wiki, safari ya Entarara.

"Za soko hazioti, Madam. Hukatwa kitako."

"Sasa najua. Wewe umejuaje?"

"Mama huuza hapo sokoni. Ni mimi humkatia, kila Jumamosi." Alinitazama sasa, bila ukali wowote, na hilo ndilo lililonichoma. "Ungesema tu hujaona, Madam. Ningekuletea zenye mizizi Jumatatu."